Kuboresha bakteria wa kiwandani kwa kusoma jenomu yake: mwongozo kamili, mfano wetu ukiwa laisini

Watu wengi wakisikia jenomu (DNA yote ya kiumbe) wanadhani ukishapeleka DNA kwenye mashine basi kompyuta itakutemea jibu, badilisha jeni hii na uzalishaji utapanda. Haiko hivyo jamani. Unachopewa ni faili lenye herufi milioni tatu na ushee, halijui wewe unauza nini wala tangi lako lina shida gani. Swali la kuliuliza hilo faili ni dogo tu: huyu mtoto (bakteria aliyebadilika) anayezalisha vizuri katofautiana wapi na mama yake (yule aliyetokana naye), na katika hizo tofauti zipi zinafanya kazi na zipi ni mzigo tu anaoubeba? Mwongozo mzima nimeuzungusha hapo, na ntatumia bakteria mmoja mpaka mwisho, Corynebacterium glutamicum, ambaye ndo anatoa laisini, asidi amino (tofali la protini) inayochanganywa kwenye chakula cha kuku na nguruwe. Ila hatua zenyewe unaweza kuzipeleka kwa hamira ya spiriti ya molasi, kwa bakteria wa mtindi, hata kwa wale wa siki.

Kwanini nimemchagua huyu? Kwa sababu stori yake iko wazi kuliko nyingi. Katikati ya miaka ya 1950 kule Japani, Shukuo Kinoshita na wenzake wa kampuni ya Kyowa Hakko walimpata huyu bakteria anayemwaga glutamati nje ya seli. Baadaye zikatengenezwa streini (koo tofauti za bakteria huyo huyo) za laisini kwa njia ya kizamani, yaani unampiga kemikali au mwanga wa UV, unachagua anayetoa zaidi, unampiga tena, miaka na miaka. Matokeo yake streini zinazalisha kweli lakini ni wagonjwa, zinakua polepole, joto likipanda kidogo zimechoka. Kila kipigo kiliacha alama nyingi kwenye DNA na hakuna aliyejua ipi ina faida.

Mwaka 2002 Ohnishi na wenzake wakafanya kitu cha akili sana. Wakachukua streini yao ya uzalishaji inayoitwa B-6, wakalinganisha jeni zake za njia ya laisini na zile za streini ya asili, yenye namba ya katalogi ATCC 13032. Wakayaona mabadiliko kadhaa, halafu badala ya kuendelea kumtesa B-6 wakarudi kwa yule wa asili, mzima wa afya, wakamwekea mabadiliko machache tu yanayoonekana ya maana. Badiliko la jeni ya hom peke yake likatoa gramu 8 za laisini kwa lita. La lysC peke yake gramu 55. Yote mawili pamoja 75. Wakaongeza la tatu kwenye pyc wakafika 80 ndani ya saa 27. Mabadiliko matatu tu! Na streini ya namna hii iliweza kufanya kazi kwa nyuzi joto 40, kitu ambacho sisi tunaoishi ukanda wa joto tunaolipia umeme wa kupoza matangi tunaelewa uzito wake.

Sasa twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: andika shida yako kwa namba kabla hujagusa DNA

Kuna namba tatu usiache kuzipima. Umepata gramu ngapi kwa lita mwisho wa kundi (tangi moja tangu kujazwa hadi kuvunwa), gramu ngapi kwa lita kwa saa, na gramu ngapi za bidhaa kwa kila gramu ya sukari uliyotia. Zile 80 za saa 27 ni kama gramu 3 kwa lita kwa saa. Hizi tatu zinagombana, streini inaweza kukupa nyingi mwishoni lakini kwa siku tatu, wakati tangi lingeshapigishwa makundi mawili, au ikawa na kasi nzuri huku inakula sukari kama haina mwenyewe. Kama molasi ndo gharama yako kubwa basi namba ya tatu ndo bosi.

Pima angalau mara tatu kwenye makundi tofauti ili ujue namba zako zinayumba kiasi gani zenyewe bila kubadilisha kitu. Zikiyumba asilimia 10 halafu unatafuta badiliko la asilimia 5, hutaliona hata ukisoma jenomu za dunia nzima. Na mara nyingine utagundua shida sio bakteria, ni oksijeni haifiki au probu ya pH (kipima asidi) imechoka. Tengeneza probu kwanza, ni rahisi kuliko kusoma jenomu.

Hatua ya 2: weka akiba ya streini

Chukua koloni moja safi (kirundo cha seli zilizotoka kwa seli moja), ikuze, changanya na gliseroli ifike kama asilimia 20, gawa kwenye vichupa vingi, weka kwenye friza ya nyuzi hasi 80. Kundi moja la vichupa ni akiba kuu usiyoigusa, jingine ni la matumizi. Weka na vichupa viwili vitatu kwenye friza ya jengo jingine, umeme wetu unaujua mwenyewe. Halafu, na hapa ndo wengi wanateleza, DNA utakayosoma itoke kwenye kichupa cha akiba hiyo hiyo, sio kwenye sahani ya petri iliyokaa kwenye friji tangu mwezi juzi ambayo kila mtu kashaichokonoa.

Hatua ya 3: toa DNA

Bakteria wa Gram chanya wana ukuta mgumu na Corynebacterium ana tabaka la ziada la mafuta juu yake, kwa hiyo seti ya kawaida ya kutolea DNA ya E. coli, yule bakteria wa maabara, itakupa DNA kiduchu. Mloweke kwenye lisozaimu (kimeng'enya kinachomega ukuta wa seli) muda mrefu kuliko maelekezo yanavyosema, saa nzima au zaidi kwa nyuzi 37, ndo uendelee. Kwa hamira tumia zaimolyezi badala ya lisozaimu. Kama unataka vipande virefu kwa Nanopore (aina ya mashine ya kusoma, tutaiona hatua ya 4) usitikise kwa vorteksi, geuza chupa taratibu kwa mkono, tumia ncha za pipeti zenye mdomo mpana.

Kupima kiasi tumia Qubit kama ipo. NanoDrop inahesabu na RNA humo humo, unadhani una DNA nyingi kumbe nusu ni RNA, ila yenyewe ni nzuri kwa usafi: uwiano wa 260/280 uwe karibu 1.8 na ule wa 260/230 ufike 2 hivi.

Hatua ya 4: kusoma

Hesabu ya data ni ya darasa la tano. Jenomu ya huyu bakteria ni herufi milioni 3.3, ukitaka kila herufi isomwe mara 100 unahitaji herufi milioni 330. Hamira Saccharomyces cerevisiae ana milioni 12, kwa hiyo bilioni 1.2. Illumina inasoma vipande vifupi vya herufi 150 kwa usahihi mkubwa, nzuri kwa kutafuta badiliko la herufi moja. Nanopore inasoma vipande virefu vya maelfu ya herufi, nzuri kwa kuunga jenomu nzima, kuona plasmidi (kiduara cha DNA kilicho nje ya kromosomu), na kuona mahali ambapo kipande kimejirudia au kimegeuka. Ushauri wangu: mama msome kwa zote mbili, mara moja tu maishani, watoto wasome kwa Illumina peke yake. Kwa walioko Afrika Mashariki pale ILRI Nairobi kuna maabara ya jenomiki, kwa hiyo si lazima kila kitu kipande ndege kwenda Ulaya.

Hatua ya 5: kusafisha, kuunga na kuweka majina

Hapa ntapita haraka maana programu zote ni za bure na maelezo yake yako wazi. Laptopu ya RAM ya GB 16 inatosha kwa bakteria, weka Linux.

Kusafisha vipande vifupi:
fastp -i R1.fastq.gz -I R2.fastq.gz -o safi_R1.fastq.gz -O safi_R2.fastq.gz

Kuunga vipande virefu vya mama:
flye --nano-hq mama.fastq.gz --out-dir mama_flye

Kisha rekebisha makosa madogo kwa vipande vya Illumina ukitumia Polypolish, halafu pitisha CheckM2 uone kama jenomu imekamilika na kama kuna uchafu wa bakteria mwingine. Ukamilifu ukiwa chini ya asilimia 95 au uchafu juu ya 5 usiendelee, rudi hatua ya 3. Angalia na ukubwa, ukitegemea milioni 3.3 ukapata milioni 5.8 ujue umeleta wageni. Majina ya jeni yaweke kwa Bakta, inakupa faili la GenBank ambalo utalitumia hatua inayofuata.

Hatua ya 6: linganisha mtoto na mama yake mwenyewe

Nakwambia kwa uchungu. Kuna maabara niliwahi kufanya kazi, tulisoma streini yetu moja tukailinganisha na jenomu tuliyopakua mtandaoni, jina la streini lilikuwa lile lile kwa hiyo tukaona inatosha. Tukapata orodha ndefu ya mabadiliko, miezi miwili tukawa tunafukuza jeni moja tuliyoipenda sana, kuja kumsoma mama yetu aliyekaa frizani mwenyewe tukakuta na yeye analo badiliko hilo hilo na hazalishi chochote. Aibu tupu.

Na wala si ajabu. Huyo huyo ATCC 13032 jenomu yake ilichapishwa na makundi mawili tofauti mwaka 2003, moja la Japani na moja la Ujerumani, moja ina herufi milioni 3.31 na nyingine milioni 3.28. Namba ya katalogi moja, tofauti ya herufi kama elfu 27. Streini zinaishi, zinahamishwa kutoka maabara hadi maabara, zinabadilika njiani.

Kwa hiyo msome mama, ndo umlinganishe mtoto:
breseq -r mama.gbff safi_R1.fastq.gz safi_R2.fastq.gz

breseq inakutengenezea ukurasa wa HTML wenye jedwali la kila badiliko, liko jeni gani na ushahidi wake, unabofya unaona vipande vyenyewe. Kama ulichosoma ni mchanganyiko wa seli na sio koloni moja, ongeza -p, itakuonyesha na mabadiliko yaliyopo kwa sehemu tu ya kundi.

Usiishie kwenye herufi moja moja. Angalia kina cha kusoma, eneo likisomwa mara 200 wakati kwingine kote ni mara 100 maana yake kipande hicho kiko mara mbili. Kwenye kuvu wa penisilini, Penicillium chrysogenum, streini za viwandani zimebeba kundi la jeni za penisilini kwa kujirudia rudia, ukitafuta herufi tu hiyo inakupita kushoto.

Wa hamira mna kazi zaidi. Streini nyingi za viwandani zina seti tatu au nne za kromosomu, na hamira ya lager ni chotara wa spishi mbili, kwa hiyo badiliko linaweza kuwa kwenye nakala moja kati ya nne. breseq haikufai hapo, tumia bwa kupanga vipande kisha freebayes ukiiambia idadi ya nakala, mfano -p 4.

Hatua ya 7: punguza orodha

Streini iliyopigwa kemikali miaka mingi itakuletea orodha inayotia kizunguzungu. Anza na zile zinazobadilisha asidi amino au zinazokata protini katikati, zile zisizobadilisha kitu weka pembeni (usizifute). Halafu chora njia ya bidhaa yako kwenye karatasi, kwa mkono, kutoka sukari mpaka bidhaa, uweke kila jeni mahali pake. Kwa laisini mchoro unasema wenyewe. lysC inatengeneza kimeng'enya cha mlangoni ambacho laisini na threonini zikijaa zinakifunga, na badiliko la B-6 ni threonini ya nafasi ya 311 kuwa isoleusini, basi mlango haufungiki tena. hom ni njia panda inayopeleka malighafi kwenye threonini, badiliko lake, valini ya 59 kuwa alanini, linaibana hiyo njia bila kuiziba kabisa. pyc inaleta malighafi ya mwanzo kutoka piruvati. Yaani mlango umeachwa wazi, mchepuko umebanwa, bomba la kuingiza limepanuliwa. Ukiweza kusimulia orodha yako namna hiyo kwa fundi wa tangi akakuelewa, uko pazuri.

Usidharau vilivyo mbali na njia lakini. Ohnishi na wenzake baadaye walikuta badiliko la gnd, jeni ya njia ya pentosi fosfati, nalo linasaidia, kwa sababu kila molekuli ya laisini inahitaji NADPH nne (molekuli zinazobeba nguvu ya kujengea) na huko ndo zinakotoka. Mtu anayetazama njia ya laisini tu asingeliona.

Hatua ya 8: thibitisha, badiliko moja kwa wakati

Ukiruka hatua hii umefanya utabiri tu, na mkutanoni utaulizwa. Mchukue mama, mwekee badiliko moja, pima zile namba tatu. Mwekee jingine peke yake, pima. Ndo uyaunganishe. Zile 8 na 55 ukizijumlisha ni 63, lakini pamoja zilitoa 75, na hilo usingelijua bila kuzipima moja moja.

Kwa Corynebacterium njia ya kawaida ni plasmidi ya pK18mobsacB. Unaweka kipande cha jeni chenye badiliko, plasmidi haiwezi kujizidisha ndani yake kwa hiyo ili aishi kwenye kanamaisini lazima aimeze kwenye kromosomu. Kisha unamkuza kwenye sukrosi asilimia 10, jeni ya sacB inamfanya afe akibaki na plasmidi, kwa hiyo wanaopona wameitema. Nusu watakuwa wamerudi kama mama na nusu wamebaki na badiliko, ukibahatika, wakague kwa PCR na sikwensi. CRISPR, njia ya kukata DNA mahali unapochagua, nayo ipo, ila Cas9 (mkasi wake maarufu) imewasumbua wengi kwa huyu bakteria kwa sumu yake, mkasi mwingine, Cas12a, ndo unakubalika zaidi. Kwenye hamira Cas9 inateleza kama siagi.

Na kama huruhusiwi au hutaki kuhariri jeni?

Wengi wenye viwanda vya chakula wako hapa, wateja hawataki kusikia GMO, na kwa Kenya ukitaka kwenda njia hiyo kuna sheria ya usalama wa bayoteknolojia ya 2009 na mamlaka yake ya kupitia. Bado jenomu inakusaidia. Unamfundisha bakteria kwa kumhamisha kila siku kwenye mazingira unayotaka, tuseme molasi yako kwa nyuzi 39. Ukihamisha sehemu moja kwa mia kila siku anapata vizazi kama 6.6 kwa siku, mwezi mmoja ni karibu 200. Endesha mistari mitano sita sambamba kutoka kwa mama mmoja, mwisho soma wote. Jeni iliyobadilika kwenye mistari minne kati ya sita haikubadilika kwa bahati, huo ni ushahidi mzuri hata bila kuhariri. Tahadhari moja: njia hii inachagua anayekua haraka, sio anayezalisha, na mara nyingi anayekua haraka ni yule aliyeacha kuzalisha. Kwa hiyo itumie kwa joto, chumvi, asidi, sukari ya ajabu, halafu uzalishaji upime mwenyewe.

Wa maziwa wana bahati yao. Mwaka 2007 Rodolphe Barrangou, Philippe Horvath na wenzao walionyesha kwamba Streptococcus thermophilus akishambuliwa na faji, yaani virusi wa bakteria, wanaopona wanakuwa wameweka kipande cha DNA ya huyo faji kwenye CRISPR yao, kinga ya asili ya bakteria ambayo mkasi ule umetokana nayo, kama kumbukumbu. Kwa hiyo mtindi ukikugomea kuganda kwa sababu ya faji, chukua faji huyo huyo toka kwenye maji ya maziwa yaliyoharibika, mkutanishe na streini yako, okota waliopona, soma eneo la CRISPR uone kama kuna kipande kipya. Hakuna jeni uliyoweka wewe.

Hatua ya 9: usalama, kisha tangi

Kabla streini haijatoka maabara pitisha jenomu kwenye hifadhidata za ResFinder na CARD utafute jeni za usugu wa dawa, hasa zilizo kwenye plasmidi maana hizo zinahama. Ulaya, EFSA (mamlaka yao ya usalama wa chakula) wanadai jenomu nzima kwa bakteria na hamira wa kutengeneza viongeza vya chakula cha mifugo, kwa hiyo anayewaza kuuza huko afanye mapema. Kwetu mfano mzuri ni suusac, maziwa ya ngamia ya kuchachua ya Kenya na Somalia. Bakteria mmojawapo mkuu humo ni Streptococcus infantarius, ndugu wa karibu wa wanaosababisha magonjwa, na streini CJ18 iliyotoka kwenye suusac ya Kenya ilisomwa jenomu yote. Ikakutwa ina jeni za kula laktosi zinazofanana na za S. thermophilus, yaani imeshazoea maziwa, lakini undugu wake unabaki kuwa swali la kuchunguza kabla hujaifanya kianzio cha kiwandani. Na ukichukua bakteria kwenye kibuyu cha mama fulani kijijini, kuna Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa ya kugawana faida ya viumbe asilia, tafuta kibali na mkubaliane mgao kabla, sio baada ya kupata hela.

Kwenye kupanda ukubwa nenda flaski, kisha fementa ya lita 5, kisha ya majaribio. Flaski inadanganya, pH haishikiliwi na oksijeni ni ya kubahatisha, kwa hiyo streini iliyoshika nafasi ya tatu kwenye flaski inaweza kuwa ya kwanza kwenye fementa, peleka nne tano usipeleke moja.

Mwisho hesabu vizazi. Kutoka kichupa cha mililita 1 mpaka tangi la lita 100,000 kwa msongamano ule ule ni kuzidisha mara milioni 100, ambavyo ni vizazi karibu 27. Kwa hiyo ikuze streini mpya maabara kwa vizazi 60 hivi bila dawa yoyote ya kuibana, ipime tena zile namba tatu, na utoe DNA uisome upya kwa Illumina na breseq ile ile. Badiliko ulilohangaikia likiwa bado lipo kwa kila kipande, piga simu kwa watu wa tangi. Likiwa limeanza kupotea kwa asilimia kadhaa ya vipande, rudi hatua ya 7 utafute badiliko lipi linamgharimu bakteria.